Ikauke na Ubao wa Kijivu

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye kitambulisho na katika vinywa vya watu wachache sana. Wengine wote, kuanzia mafundi wa majengo hadi watoto wa kaka yake, humwita Ikauke, naye huitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata dukani, kwenye kazi aliyoifanya tangu ujana wake, nayo ni kazi ya kuchanganya rangi za kupaka nyumba.

Mteja huja na kipande cha lipu kilichobanduka ukutani, au kibanzi cha mlango, akitaka rangi iliyo sawasawa na hiyo. Ikauke huchukua kopo la rangi nyeupe, akadondoshea rangi kali za kukoleza, akakoroga, kisha akapaka kidogo kwenye kipande cha kadi. Hapo mteja huinama, akatazama, akauliza, "Ndiyo yenyewe?" Na jibu tangu zamani ni lile lile: "Ngoja ikauke." Kwa maana rangi mbichi haina ukweli. Ipo inayokolea ikikauka, na ipo inayofifia, na anayeihukumu ikiwa bado inang'aa kwa maji hurudi kesho yake na malalamiko. Fundi mmoja mwenye haraka alimwuliza mbele za watu, "Dada, na chai yako pia huwa unaingoja ikauke?" Duka zima likavunjika mbavu, na kuanzia siku hiyo jina likamganda. Yeye mwenyewe alilipokea hata akalitoa nje ya duka. Aliulizwa anamwonaje mchumba mpya wa mpwa wake, akasema, "Ngoja ikauke."

Jambo la pili lililokuwa likijulikana kumhusu ni ubao. Duka lilikuwa refu na jembamba, na rafu za makopo zilipanda hadi darini pande zote mbili, lakini nyuma ya meza yake paliachwa nafasi tupu, na hapo palitundikwa ubao mpana uliopakwa rangi ya kijivu. Haukubandikwa kalenda wala tangazo. Ulikuwa wa kupumzishia macho. Mtu akitazama rangi nyekundu kwa muda mrefu, kisha akageukia kitu cheupe, ataona kitu hicho kina ukijani usiokuwepo, kwa sababu jicho limechoka na nyekundu na linatafuta kinyume chake. Ndiyo maana kabla ya kutoa hukumu, Ikauke alikuwa akigeuka na kuutazama ubao ule hadi jicho litulie. Wateja wapya walidhani anasali.

Habari hii aliisimulia kwa vipande, kwa miaka mingi, nami nimejitahidi kuipanga kwa utaratibu bila kuitia chumvi.

Inaanza asubuhi moja ya ujana wake. Alikuwa amewahi kufungua duka, akasimama na kitambaa akifuta vumbi kwenye mifuniko ya makopo. Hakuwa akiomba, wala hakuwa na wazo lolote kubwa. Alikuwa akijiuliza kama soli ya kiatu chake itavumilia hadi mwisho wa wiki. Mara, pasipo kitu chochote kubadilika, vitu vyote vikawa kama vimegeuka. Hayo ndiyo maneno yake: kana kwamba hadi dakika ile makopo, ufagio, kamba iliyoning'inia kwenye msumari na hata vumbi lenyewe vilikuwa vimempa mgongo, na sasa vyote kwa pamoja vimegeuza uso. Hapakuwa na mwanga wa ziada. Hapakusikika sauti. Alijiona mdogo mno, na udogo ule haukumwumiza. Mteja aliingia akitaka misumari, naye akampimia na kumfungia kwenye karatasi, huku akijizuia kulia kwa namna misumari ile ilivyolala ndani ya karatasi, kila mmoja upande wake. Kisha jambo lile likaondoka polepole, kama mtu anayetoka chumbani kwa kunyata asimwamshe mtoto.

Hakumwambia yeyote. Angesema nini? Kwamba makopo yamegeuka? Lakini tangu siku hiyo aliishi kama mtu aliyesikia hodi, akaenda kufungua mlango na asimkute mgeni. Alitafuta mahali pengi, na hatimaye, akiwa mtu mzima, alifika kwenye duara la Mlezi.

Mlezi ndivyo walivyomwita karani mmoja mstaafu wa posta, mtu wa sauti ya chini na mashati yaliyonyooshwa vizuri, ambaye alikuwa amejifunza njia ya siri kutoka kwa mtu mwingine aliyekwisha kufariki. Hakuwa tapeli. Hakudai chochote kwa watu wake, na alichowafundisha alikiamini kwa moyo wote. Walikutana sebuleni kwake alasiri za siku ya mapumziko, viti vikiwa vimesogezwa ukutani: mpiga picha, mshonaji wa sare za shule, na wengine wachache wa aina hiyo. Walikariri maneno ya kuita, walivuta pumzi kwa mpangilio, na juu ya yote walitumia alama. Kila alama ilikuwa umbo la rangi moja lililochorwa kwenye kibao. Mtafutaji aliikazia macho bila kupepesa hadi machozi yamlenge, kisha akageukia ukuta mweupe. Hapo umbo lile lilijitokeza ukutani kwa rangi nyingine kabisa, likielea, kingo zake zikiwaka. Mlezi alikuwa akinong'ona, "Mlango umefunguka." Na nyuma ya mlango, alifundisha, yupo mlinzi anayejua mambo tusiyoyajua.

Alama za zamani zilikuwa zimechujuka, kwa hiyo Ikauke akaombwa kuchora mpya. Alichanganya nyekundu safi isiyo na doa la kahawia, akachora umbo refu lililosimama wima kama jani. Siku ya kwanza kuitumia alama hiyo, aliona ukutani kiumbe cha kijani kirefu kuliko mtu, pembeni mwake kukitetemeka nuru. Alilia. Mlezi akamshika bega, akamwambia kwamba wako watu wanaokaa miaka wasimwone mlinzi kwa uwazi ule, na tangu siku hiyo akahamishiwa kiti cha mkono wa kulia.

Msomaji atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Mwanamke aliyekuwa na ubao wa kijivu mgongoni kwake kila siku ya kazi, aliwezaje kutoliona hili? Nilimwuliza kwa upole. Alijibu kwamba dukani jambo lile liliitwa uchovu wa jicho, na sebuleni kwa Mlezi liliitwa mlango, naye hakuwahi kuyaweka majina hayo mawili kwenye meza moja. Akaongeza kwamba kitu kimoja alikiona mapema na kukipuuza. Asubuhi ile ya misumari ilimwacha mwepesi. Mlinzi wa kijani alimwacha amejaa, kama mtu aliyesifiwa karamuni, na siku chache baadaye alihitaji kujazwa tena.

Angeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni, kama si shingo ya kaka yake.

Kaka yake alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kifua kipana ambaye mtaa mzima uliamshwa na uimbaji wake kabla ya kuamshwa na harufu ya mikate. Shingoni mwake palikuwa pameota uvimbe. Daktari alisema lazima ukatwe na kuondolewa kabla haujaibana njia ya hewa, akampangia siku. Mtu huyu, aliyeingiza mikono kwenye joto la tanuri bila kusita, aliogopa kisu kama mtoto mdogo. "Mimi ndiye nakata mkate," alikuwa akisema. "Mkate haujawahi kunikata mimi." Akamwomba dada yake ampeleke kwa Mlezi.

Alipelekwa. Akakalishwa kwenye kiti mbele ya ukuta, ndani ya shati lake jeupe la kazi. Ikauke akaikazia macho alama nyekundu, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, kisha akainua macho kumtazama kaka yake. Nuru ya kijani ikatua shingoni, pale pale penye uvimbe, ikakaa ikitetemeka. Alisema alichokiona. Mlezi akafumba macho na kusema kwa sauti yake ya chini kwamba kijani ni rangi ya uzima. Mwokaji akajigusa shingo taratibu, akashusha pumzi ndefu.

"Basi," alisema, "hospitali siendi."

Siku mbili tatu baadaye, mke wa mwokaji aliingia dukani akiwa bado na unga kwenye mikono.

"Wifi, sikuja kununua rangi."

"Naona. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa nitalia, nikilia utanihurumia, na mimi sikuja kuhurumiwa. Kaka yako anasema hospitali haendi ng'o, maana wewe umeona."

"Niliona, wifi."

"Uliona nini?"

"Nuru ya kijani. Ilikaa shingoni, penye uvimbe wenyewe."

"Ilikwenda yenyewe, au wewe ndiye ulikuwa unatazama hapo?"

"Wifi, mambo haya hayaulizwi namna hiyo."

"Mimi ni mtu wa unga na hamira, sijui yanaulizwaje. Ninachojua ni kwamba akilala anakoroma kama mtu anayenyongwa, na siku aliyopangiwa ni wiki ijayo. Mtu akikuletea kibanzi cha ukuta unamwambia angoje. Shingo ya kaka yako hukuingojea hata kidogo."

Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe katika familia ile.

Kesho yake kulikuwa na agizo kubwa la rangi nyekundu ya mageti ya ghala moja, na Ikauke alishinda asubuhi nzima ameinamia makopo mekundu. Alipokuwa katikati ya kazi, akaja mama mmoja na kibanzi cha ukuta cha rangi ya maziwa, akakiweka mezani. Ikauke aliinua macho, akakitazama. Juu ya kibanzi kile palikuwa na duara la kijani lililolingana na mdomo wa kopo, likielea, kingo zake zikiwaka.

"Samahani, mama," alisema kwa mazoea, "jicho langu limechoka kidogo." Akaugeukia ubao wa kijivu, kama alivyougeukia mara zisizo na idadi. Duara likaelea ubaoni, likapauka, likatoweka.

Hakugeuka. Mama yule alisubiri, akakohoa kidogo, akasubiri tena.

"Dada, unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimekumbuka kitu."

Mchana aliomba ruhusa, akaenda nyumbani na kuisimamisha alama nyekundu mezani, karibu na dirisha. Alifanya kazi yake kama anavyofanya siku zote, hatua kwa hatua. Aliikazia macho, akatazama ukuta: mlinzi akasimama ukutani. Aliikazia tena, akatazama sufuria: mlinzi akasimama kwenye sufuria. Akamwona kwenye kiti chenye mguu mbovu, akamwona kwenye kiganja chake, akamwona kwenye ubavu wa paka wa jirani aliyekuwa amelala kizingitini. "Kama ule ulikuwa uponyaji," aliniambia miaka mingi baadaye, "basi sufuria langu nalo lilipona." Mwisho alifanya jaribio moja zaidi. Aliziba jicho la kushoto, akaitazama alama kwa jicho la kulia peke yake. Kisha akaziba la kulia, akautazama ukuta kwa la kushoto. Ukuta ulikuwa mtupu. Akabadilisha: mlinzi akarudi. Kiumbe kile kilichojua mambo yasiyojulikana kilikuwa kikiishi ndani ya jicho lake la kulia.

Siku ile hakucheka. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, na hofu iliyomshika haikuwa ya kumpoteza mlinzi. Alihofia ile asubuhi ya misumari. Kama hili lilikuwa jicho tu, na lile je? Maisha yake yote yalikuwa yameegemea pale. Alikaa hadi kivuli cha dirisha kikahama, akilichunguza jambo lile la zamani kama anavyochunguza kadi iliyokauka. Kabla ya asubuhi ile alikuwa amekazia macho nini? Vumbi na soli ya kiatu. Alikuwa akitamani nini? Hakumbuki kutamani kitu. Lilimwambia yeye ni nani, au lilimpandisha juu ya nani? Halikumwambia lolote. Na miaka ilikuwa imepita juu yake, ya raha na ya taabu, na alipolitazama sasa rangi yake haikuwa imekolea wala kufifia.

"Sikupata jibu," alisema. "Nilipata kwamba siwezi kulitupa. Hayo tu."

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, alikwenda kwenye tanuri la kaka yake na kile kibao chini ya kwapa. Mwokaji alikuwa akikanda unga, na mkewe akipanga mikate rafuni.

"Kaka, ile nuru haikuwa yako. Ilikuwa ya jicho langu."

Aliendelea kukanda. "Sema vizuri."

"Nilikuwa natazama shingo yako kwa sababu naiogopea. Nuru ilikwenda nilikotazama. Ningetazama goti, ingekaa gotini."

"Goti nalo linaniuma," alisema mwokaji, lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Akaacha unga. "Kwa hiyo mdogo wangu ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nilianza kujipaka mwenyewe."

"Nilikuwa ninalala vizuri siku hizi. Unajua? Kwa mara ya kwanza nimelala bila kuwaza kile kisu. Sasa umekuja kuniamsha."

Dada yake akamkabidhi kibao, akamwonyesha namna ya kukitazama. Mwokaji akakikodolea macho kwa hasira, kisha akaugeukia ukuta uliopauka kwa unga. Akageukia mkate uliokuwa rafuni, akautazama kwa muda.

"Mkate umepona," alisema.

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, kisha yeye mwenyewe, na kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Wakamshika huku na huku, uso ukimwiva, hadi hewa ikapata njia. Alipoweza kusema, sauti ilikuwa nyembamba.

"Na sasa una nini cha kunipa badala yake?"

"Sina kitu, kaka. Nitakuja nikae."

"Ukae ufanye nini?"

"Nikae."

Mwokaji alijifuta mikono polepole kwenye vazi lake la kazi. "Basi njoo na kiti chako," alisema. "Vile vya hospitali vinavunja mgongo."

Duarani mambo hayakwenda hivyo. Alieleza yote kwa utulivu, akakirudisha kibao, akawaomba wajaribu kuziba jicho moja. Mpiga picha alikasirika, akasema ameleta mambo ya duka kwenye mambo ya roho. Mshonaji aliinamisha kichwa. Mlezi ndiye aliyejibu, bila ukali: "Binti yangu, ukiichunguza nuru, nuru huondoka."

"Mlezi, kama itaondoka kwa sababu nimelichunguza jicho langu, acha iondoke."

Hakuna aliyeziba jicho. Alitoka akijua hatarudi kwenye kile kiti, na njiani aliona haya ya aina mbili kwa pamoja: haya ya kuwa amejidanganya, na haya ya kuwa amewaharibia watu faraja yao. Hivyo siku ya upasuaji ilimkuta hana kitu. Hakuwa na mlinzi, hana duara, hana neno la kuita.

Kaka yake aliingizwa ndani kwenye kitanda cha magurudumu, akimwuliza muuguzi kama kisu kimenolewa au watatumia kile cha kupakia siagi. Mlango ukafungwa. Ikauke na wifi yake wakaketi kwenye korido. Ukuta wa mbele yao ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa mabega, na rangi yenyewe, aliigundua baada ya muda, ilikuwa kijivu.

Alijaribu kuomba, maneno yakamwishia. Alijaribu kutamani, na hata kutamani kukamchosha. Wifi yake alikuwa amevua kiatu kimoja, akikishika mapajani kama mtu aliyesahau anakifanyia nini. Ndoo ya kudekia ilikuwa imeachwa karibu na mlango. Mahali fulani magurudumu yalikuwa yakilia kwa mbali, yakanyamaza, yakalia tena.

Na vitu vikageuka.

Alinieleza haya akiwa amesimama, akisafisha brashi, na alitua mara nyingi kutafuta neno. Ukuta ulibaki ukuta na ndoo ikabaki ndoo. Hakuna kilichowaka. Lakini ndoo ilikuwepo, kwa ukamilifu ambao hakuujua kuwa ndoo inaweza kuwa nao, na maji machafu yaliyokuwa ndani yake yalikuwepo, na kiatu cha wifi yake, kisigino kikiwa kimelika upande mmoja kwa miaka ya kusimama mbele ya tanuri, kilikuwa kitu ambacho asingethubutu kukigusa bila kunawa kwanza. Kila kitu kilikuwa kimegeuza uso, na hakukuwa na mahali pa kujificha, na hakukuwa na haja ya kujificha. Aliufikiria mlango uliofungwa, akaona kwamba na kule ni vile vile. Kaka yake alikuwemo. Daktari alikuwemo. Kisu nacho, kile kisu chenyewe, kilikuwemo, hakikuachwa nje. Alipata hofu iliyompita kimo, hofu isiyo na ubaya, kama mtu anayesimama ukingoni mwa jambo lisilo na mwisho na kugundua kwamba amesimama juu yake tangu azaliwe.

"Haikuniambia atapona," alisema. "Nataka uandike hivyo. Nilitamani iniambie. Haikuniambia atapona, wala haikuniambia atakufa. Haikuniambia kitu."

Kisha likaondoka kwa kunyata, kama zamani. Alichojikuta anafanya ni kuinama, kukichukua kiatu kutoka mapajani mwa wifi yake na kumvisha. Wifi yake akamtazama usoni, akaona kitu.

"Wifi," alinong'ona, "umeonyeshwa?"

"Ngoja ikauke," alisema.

Wifi yake akaangua kicheko na kilio kwa wakati mmoja, hadi muuguzi akachungulia.

Daktari alitoka baadaye akasema uvimbe umeondoka wote, ila mshipa wa sauti umeguswa. Ndivyo ilivyokuwa. Mwokaji yu hai na ananenepa, lakini sauti yake imebaki ya kukwaruza na haimbi tena. Anaamsha mtaa kwa kupiga sinia. Husema sauti yake ilibaki hospitalini, inamwimbia daktari. Dada yake huyasikia hayo na hucheka, lakini nimemwona akinyamaza ghafla asubuhi, sinia likilia mahali palipokuwa na wimbo.

Jambo la koridoni hakulisimulia kwa miaka mingi. Hakulipa jina, hakuketi nalo kwenye kiti chochote cha mkono wa kulia. Nilipomwuliza anajuaje kwamba lile halikuwa udanganyifu kama la kwanza, alisema hawezi kunithibitishia, na kwamba anayetaka kuthibitishiwa aende kwa mwingine. Baada ya mlinzi wa kijani, alisema, alikuwa akitaka watu wamwulize ameona nini. Baada ya korido alitaka kwenda kuosha vyombo vya wifi yake, na alikwenda. Hata hivyo huendelea kulitoa mara kwa mara na kulitazama, kama kadi ya rangi, kwenye mwanga wa mlangoni, kwa kuwa hajioni kuwa mtu asiyeweza kukosea tena.

Miaka mingi baadaye, alasiri moja ya utulivu, Mlezi aliingia dukani. Alikuwa amezeeka, na shati lake halikuwa limenyooshwa vizuri kama zamani. Alisimama mbele ya meza akiutazama ubao.

"Nataka rangi ya kupaka sebule," alisema. "Kama hiyo."

"Kijivu, Mlezi?"

"Kijivu. Ukuta wote." Akaketi kwenye benchi bila kuambiwa. "Niliziba jicho moja. Siku ile ile, mlipokwisha kuondoka wote."

Ikauke alikuwa akifungua kopo jeupe. "Ukaona nini?"

"Ukuta." Alitabasamu kidogo. "Sikusema, kwa sababu nilikuwa Mlezi. Ukishaitwa Mlezi, binti yangu, ni vigumu sana kuwa mtu aliyeona ukuta."

Ikauke alidondosha rangi nyeusi, tone baada ya tone, na udongo wa manjano kidogo sana, akakoroga taratibu akikwangua pembeni. Mlezi alisema mshonaji bado huja, na mwingine mmoja au wawili. Wanaketi tu. Mpiga picha alihama.

"Na huwa kinakuja chochote?"

"Kwangu, bado." Aliinamisha kichwa. "Mshonaji siku moja alilia, akakataa kusema. Sikumlazimisha."

"Ulifanya vizuri."

Alipaka kidogo kwenye kadi. Mzee akainuka, akainama juu yake, akafungua mdomo kuuliza, kisha akajizuia na kurudi kwenye benchi. Wote wawili wakangoja. Nje gari la mizigo lilishusha mabati, likaondoka. Kadi ilipokauka, Ikauke aliipeleka mlangoni kwenye mwanga wa nje, akailinganisha, akarudi kuongeza tone moja la nyeusi, akakoroga, akapaka kadi nyingine, na wakangoja tena. Safari hii aliishikilia kadi dhidi ya ubao, akasogea nyuma, na kwa mbali kidogo kadi haikuonekana tena.

Akaweka mfuniko juu ya kopo, akaugonga kwa nyundo ya mti kuuzunguka wote hadi ukakaa sawa, akafuta kwa kitambaa mchirizi mmoja uliokuwa umeteremka ubavuni.